Sarafu moja ya Afrika Mashariki: Tanzania iingie au isubiri? Hesabu yetu watu wa Kigoma ikoje?

Gungu Juu

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa hesabu, siasa tuiweke kando kidogo.

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Lengo lilikuwa tuwe na sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita, sasa unatajwa 2031. Wakati inasainiwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa watano: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Leo ni wanane, baada ya Sudan Kusini (2016), Kongo (2022) na Somalia (2024).

Nauliza nikiwa na mwalo wa Kibirizi na barabara ya Manyovu, mpakani na Burundi, akilini. Hapa kwetu mzigo mmoja wa unga au saruji unaweza kupita kwenye shilingi, dola, faranga za Burundi na faranga za Kongo kabla haujalipwa wote. Chombo kikielekea Mpulungu, kwacha ya Zambia nayo inaingia. Kwa hiyo mtu akitamka "sarafu moja", masikio ya Kigoma yanasimama kabla ya ya Dar.

Masharti ya kuingia ni yapi hasa, na nani kayatimiza? Majirani tunaofanya nao biashara, Bujumbura ya Burundi, Uvira na Kalemie za Kongo, watakuwamo, au tutaungana na Nairobi huku ng'ambo ya ziwa mambo yakibaki vilevile? Na mwenye mkopo, akiba ya kikoba au mkataba wa pango, siku ya kubadilisha pesa inakuwaje kwake?

Wanaoijua benki, forodha na uhasibu, karibuni.

Mchumi wa Katubuka

Ndugu Gungu, masharti makuu ni manne. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nakisi ya bajeti, misaada ikihesabiwa ndani, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa. Akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5. Nchi inatakiwa iyashike yote kwa miaka mitatu kabla ya kuingia. Kugusa mwaka mmoja na kuachia unaofuata hakuhesabiwi.

Hilo la deni lina jambo ambalo wengi wanalipita. Deni linapimwa kwa "thamani ya sasa", si kwa jumla iliyoandikwa kwenye mkataba. Mkopo wa miaka 40 wenye riba ndogo unahesabiwa mdogo kuliko mkopo wa kiasi kilekile unaolipwa ndani ya miaka 7 kwa riba ya soko. Ndiyo maana nchi mbili zenye deni linalolingana kwa jina zinaweza kuanguka pande mbili tofauti za mstari.

Sisi tumeshika mfumuko kwenye asilimia 3 hadi 5 kwa miaka kadhaa, na deni kwa kipimo hicho liko chini ya 50. Nakisi ndiyo inayogusagusa mstari. Kenya ina shida ya deni: mwaka 2023 sheria yao wenyewe iliweka kikomo cha asilimia 55 kwa thamani ya sasa, yaani hata wakiitii sheria yao kikamilifu bado wanaweza kukosa sharti la Jumuiya. Kongo inapita kwenye deni bila jasho. Burundi na Sudan Kusini zimekuwa na mfumuko wa tarakimu mbili na akiba ndogo mno ya fedha za kigeni; hizo haziko karibu.

Sasa sikiliza kifungu muhimu kwa swali lako: itifaki inaruhusu nchi zisizopungua tatu zilizotimiza masharti zianze, wengine wafuate. Kwa hiyo sarafu moja inaweza kuzaliwa bila Burundi na bila Kongo. Kwa hali ilivyo, ndivyo itakavyokuwa.

Tutakachoacha ni vitu viwili. Cha kwanza ni riba yetu. Januari 2024 BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, ilianza kutumia riba ya Benki Kuu kama chombo chake kikuu, ikaiweka asilimia 5.5. Mwezi uliofuata Benki Kuu ya Kenya ilipandisha ya kwao hadi 13. Majirani wawili, ndani ya mwezi mmoja, na kila mmoja alikuwa na sababu ya haki: kule shilingi ilikuwa imeporomoka na deni la nje linakaribia kuiva, huku mfumuko ulikuwa umetulia. Chini ya sarafu moja ingekuwapo riba moja. Mkopaji wa Kasulu angelipia ugonjwa wa Nairobi, au Nairobi ingenyimwa dawa.

Cha pili ni bei ya shilingi yenyewe. Shilingi ya Kenya ilianza 2023 ikiwa karibu 123 kwa dola, ikavuka 160 Januari 2024, ikarudi karibu 130 Machi. Yetu haikupita njia hiyo. Ilishuka taratibu na baadaye, ikawa dhaifu zaidi kufikia katikati ya 2024, kisha ikapanda mwisho wa mwaka. Nchi hizi hazipigwi na upepo mmoja. Mafuta yakipanda bei Sudan Kusini inachekelea, sisi, Kenya na Uganda tunaumia. Kongo inaishi kwa shaba na kobalti, Burundi kwa kahawa na chai, sisi dhahabu, utalii, korosho na tumbaku. Pigo lisipofanana, bei ya sarafu ndiyo inayonyonya mshtuko. Ukiiondoa, mshtuko unahamia kwenye ajira na mishahara.

Msimamo wangu: tuingie kwa sharti, si kwa tarehe. Tarehe imeshateleza mara moja, na iliteleza kwa sababu taasisi zilizopaswa kutangulia, hasa Taasisi ya Fedha ya Afrika Mashariki ambayo ndiyo ingekuja kuwa benki kuu ya wote, zilichelewa.

Wakala wa Kibirizi

Mchumi kaeleza vizuri juu. Mimi nishuke mwaloni.

Gharama ya kubadilisha pesa watu wanaipima kwa macho, wanaona "shilingi 60 tu". Tuipige. Chukulia duka la fedha linanunua dola kwa 2,450 na kuuza kwa 2,510. Mnunuzi wa Kalemie anakuja na dola 4,000, anapata 9,800,000. Mzigo anaoutaka haupo, anarudisha pesa iwe dola: 9,800,000 gawa kwa 2,510 ni dola 3,904. Dola 96 zimekwenda, hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Na huyu alishakatwa kwao alipotoa faranga kuchukua dola. Katika biashara ya unga, ambako faida kwa mfuko ni nyembamba, hapo ndipo safari inapoishia hasara.

Halafu ipo gharama ya noti yenyewe, ambayo haiandikwi kwenye ubao wowote. Ng'ambo dola yenye mchaniko hata wa milimita chache inakataliwa. Ndiyo maana utaona mpokeaji anapitisha kidole gumba kwenye kingo zote nne kabla hajahesabu, anaikunjua kila kona, anaielekeza kwenye mwanga. Noti iliyoandikwa kwa kalamu, yenye muhuri, au ile ya zamani ya kichwa kidogo inarudishwa au inakatwa bei. Noti ya 100 yenye mstari wa bluu inapata bei nzuri kuliko noti ndogo. Ya dola 1 upande wa Kongo karibu haina mnunuzi. Mzigo wa dola 4,000 ukilipwa kwa noti mchanganyiko, bei uliyokubaliana siyo utakayoipata.

Manyovu ni kisa kingine. Burundi ina bei mbili za dola: ya serikali na ya mtaani, na ya mtaani imefika zaidi ya mara mbili ya ile ya serikali. Mfanyabiashara wa Burundi asiyepata dola benki ananunua mtaani, kwa hiyo bidhaa yetu inamfikia kwa bei kubwa. Anayetuuzia naye, akipeleka dola zake benki kwa bei ya serikali, anapoteza zaidi ya nusu, basi hazipeleki. Pesa inapita pembeni, mizigo nayo inaanza kupita pembeni. Muuzaji wa upande wetu akipokea faranga anazipima kwa bei ya mtaani ya asubuhi hiyo, na akikaa nazo wiki nzima amebeba hatari ambayo si yake. Kanuni ya kazi: faranga ya Burundi isilale kwako. Ipokee ukiwa tayari unajua utainunulia nini.

Je, sarafu moja ingeponya haya? Ndiyo, kama Burundi na Kongo zimo. Zikibaki nje, Manyovu utaendelea kubadilisha pesa mbili vilevile, jina tu la upande wetu ndilo litakuwa jipya. Kwa Kongo hata kuingia hakutoshi. Watu wa kule walikimbilia dola baada ya pesa ya Zaire kuyeyuka miaka ya 1990, na faranga iliyoanza 1998 haijawatoa huko. Akiba nyingi kwenye benki zao ni dola. Noti mpya ya Jumuiya itabidi iishinde dola mkononi mwa mama wa sokoni Kalemie, na hilo halitangazwi kwenye gazeti la serikali likatimia.

Tena hela si kikwazo cha kwanza cha mzigo. Wenye mzigo usiozidi dola 2,000 wana haki ya kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa palepale mpakani, wasitozwe ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Wengi hawakijui, au wanagawa mzigo vibaya hadi maafisa wanaushuku. Ukiwa na mahindi, maharage au chumvi ya Uvinza, anza na cheti hicho kabla ya kuwaza sarafu.

Bi Ujiji

Wanangu, mmehesabu hasara ya kuingia, hamjahesabu hasara ya kukaa nje.

Sarafu moja hapa si jambo geni. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, shilingi ikaanza 1921, na shilingi hiyohiyo ilinunua samaki Ujiji, ndizi Bukoba na chai Kericho. Ilidumu hadi 1966, BoT ilipofunguliwa tarehe 14 Juni. Na hata baada ya kila nchi kuchapa yake, shilingi tatu zilikwenda sawa kwa sawa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wazima walioishi wakati huo bado wapo.

Kabla yake pia pesa imetusumbua mikoa hii. Mwaka 1916 Wajerumani, walipozuiwa na vita wasipate fedha kutoka kwao, walipiga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli; ile ya dhahabu ya rupia 15 ina tembo. Mwaka huohuo Tabora ikaanguka. Pesa ya serikali iliyozingirwa haifiki mbali, na leo ninaiona Burundi katika hali inayofanana na kuzingirwa.

Afrika Magharibi nchi 8 zinatumia faranga ya CFA chini ya benki kuu moja iliyo Dakar, na mfumuko wao kwa miaka mingi umekuwa mdogo kuliko wa majirani wenye pesa zao. Mali isiyo na bandari na Senegal yenye bandari zinakopa kutoka akiba moja. Burundi na sisi tungeweza kufanya hivyo. Mnasema Burundi itimize masharti kwanza. Hiyo ni kumwambia mgonjwa apone ndipo aje hospitali. Waziri wa fedha asiyeweza tena kuiambia benki kuu yake ichape atalazimika kukusanya kodi.

Nawakubalia moja. CFA imefungwa kwa euro, 655.957 kwa euro moja, na mwezi Januari 1994 ilishushwa thamani kwa nusu kwa siku moja, faranga 50 kwa faranga ya Ufaransa zikawa 100. Dawa na mafuta vilipanda mara moja kwa watu wasioulizwa. Sitaki nanga iliyo mikononi mwa mtu wa nje. Sarafu yetu nanga yake iwe hapa.

Mchumi wa Katubuka

Bi Ujiji, shikamoo. Hoja ya hospitali ni nzito na sitaipita haraka.

Ile Bodi ya Sarafu ilidumu kwa sababu haikuwa benki kuu. Ilitoa shilingi 20 kwa kila pauni iliyowekwa London, basi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuikopesha serikali, haikuiokoa benki, haikuwa na riba ya kupanga. Serikali huru zilipokuja zikitaka kujenga shule na viwanda, chombo kile hakikuweza kuzikopesha vya kutosha, na hakuna aliyekubali mwenzake awe na kauli juu ya mikopo yake. Mgogoro huo bado upo: nani atamwambia nani "hapana" bajeti ikivuka asilimia 3? Itifaki imeweka Kamisheni ya usimamizi na utekelezaji, lakini kamisheni isiyo na adhabu inayouma ni barua tu. Ugiriki iliingia kwenye euro 2001, mwishoni mwa 2009 ikatangaza kuwa nakisi yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyoandikwa, na kwa kuwa haikuwa na sarafu ya kushusha, ilishusha mishahara na pensheni. Juni 2015 mwenye akaunti alikuwa anaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku. Takwimu ndizo zilizoanza kuoza.

Kuhusu kumpokea mgonjwa: tatizo ni bei ya kumpokelea. Faranga ya Burundi iingie kwa bei ya serikali au ya mtaani? Ukichukua ya serikali, mwenye magunia ya faranga anaamka ana mali mara mbili, na anayelipia ni sisi sote tulio kwenye mfuko mmoja. Ukichukua ya mtaani, mwalimu wa Rumonge anayelipwa mshahara kwa faranga anaamka na nusu. Ujerumani ilipita hapo tarehe 1 Julai 1990: mishahara ya mashariki ilibadilishwa moja kwa moja, akiba kubwa mbili kwa moja. Watu walifurahi, na viwanda vya mashariki vikafa kwa kuwa mishahara yake haikulingana tena na kilichozalishwa. Magharibi tajiri ililipa fidia kwa miaka mingi. Sisi hatuna tajiri huyo. Kwa hiyo Burundi iunganishe bei zake mbili kwanza. Ilijaribu Mei 2023 ikaishusha faranga, lakini pengo likafunguka tena kwa sababu dola za kuitetea bei mpya hazikuwapo. Kumsaidia kwa mkopo wa pamoja wa akiba kabla hajaingia, hapo niko pamoja nawe kabisa.

Gungu Juu

Ahsanteni sana, mmenifungua. Swali la mikopo na vikoba bado linaning'inia. Tuseme imeamuliwa, tarehe ipo. Mwenye daftari afanye nini?

Daftari la Mwanga

Hilo naliweza.

Kabla ya siku ya kubadilisha, kinatangazwa kiwango kisichobadilika tena, chenye tarakimu sita. Kroatia ilipoingia kwenye euro Januari 2023 kiwango kilikuwa kuna 7.53450. Tarakimu hizo zinatumika zote. Unagawa kwa kiwango kizima, na unakaribisha, yaani kuipeleka hesabu kwenye tarakimu iliyo karibu, mwishoni tu, kwenye senti. Kosa kubwa kuliko yote ni kukikaribisha kiwango kwanza "ili hesabu iwe nyepesi".

Chukulia, kwa mfano tu, kipande kimoja kipya ni shilingi 20.4375. Akiba ya 1,000,000 inakuwa 48,929.66. Aliyetumia 20.4 ataandika 49,019.61, amezidisha karibu 90. Aliyetumia 20 ataandika 50,000, amezidisha 1,070. Kwenye kikoba cha watu 30, mhazini wa namna hiyo atagawa pesa ambazo benki haina, na siku ya kuvunja ugomvi utaanzia hapo.

Kikoba kifanye hivi: funga daftari la shilingi, kila mwanachama asaini salio lake. Badilisha salio la mmoja mmoja. Badilisha pia jumla ya benki. Majibu mawili hayatalingana kwa senti chache kwa sababu ya kukaribisha. Fungua mstari mmoja wa "tofauti ya ukaribisho" na uiweke hapo, usiilazimishe kwenye jina la mtu. Hisa nazo zitakuwa na senti za ajabu. Hisa ya 5,000 inakuwa 244.65. Mkutano upitishe kama hisa mpya itakuwa 245 au 250, na nani anaongeza kiasi gani. Hilo liamuliwe kabla, likae kwenye muhtasari.

Mikataba haifi. Kubadilika kwa sarafu hakumpi mwenye nyumba haki ya kuvunja pango, wala benki haki ya kupandisha riba iliyokwisha kukubaliwa. Ulaya waliliandika hilo kwenye kanuni mwaka 1997, kabla hata noti hazijachapwa. Sheria yetu ya kuridhia inabidi iliseme kwa maneno hayohayo. Mwenye mkopo wa riba inayopanda na kushuka atafuata riba ya benki kuu mpya, kwa hiyo alichosema Mchumi kuhusu 5.5 na 13 kinamhusu yeye hasa.

Bei ndogo ndizo zitakazouma. Fungu la dagaa la shilingi 500 linakuwa 24.46. Muuzaji hana senti, atasema 25, ambayo ni sawa na shilingi 511. Asilimia 2 imepanda na hakuna aliyekusudia ubaya. Kroatia walilazimisha bei mbili zionyeshwe tangu 5 Septemba 2022 hadi mwisho wa 2023, ili mnunuzi aone mwenyewe. Kwa Mwandiga na soko la Kigoma mjini, dawa ni sarafu ndogo ziwe nyingi tangu siku ya kwanza. Zikikosekana, kila kitu kitakaribishwa juu.

Pesa ya kwenye simu itajibadilisha yenyewe usiku. Chukua taarifa ya salio siku moja kabla. Wakala wa pesa za simu afunge hesabu ya fedha taslimu na ya kwenye simu saa ileile, maana tofauti ya usiku huo hataweza kuieleza asubuhi.

Na noti zilizolala. Tangu 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 BoT ilizikusanya noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ya 500 ya 2010. Baada ya hapo hazikuwa fedha halali. Sarafu ya pamoja itakuja na dirisha kama hilo. Shilingi nyingi za Kigoma zinakaa Uvira, Kalemie na Bujumbura kwenye mikono ya watu wasiosikiliza redio yetu. Lazima kuwe na vituo vya kubadilishia bandarini na Manyovu, kwa muda mrefu kuliko mjini, la sivyo wachuuzi wa boti watazinunua kwa nusu bei na kupanga foleni wenyewe. Nao wenye noti bandia watakuja wiki mbili za kwanza, kabla vidole havijaizoea karatasi mpya.

Kaliua

Huku Tabora mzani wetu ni tumbaku. Bei kwa kilo imekuwa ikipangwa kwa dola, na pembejeo za mkopo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) zikihesabiwa kwa dola. Shilingi ikiimarika kati ya soko na malipo, mkulima anapokea shilingi pungufu kwa kilo ileile. Sarafu ya pamoja haigusi hilo hata kidogo, kwa sababu pengo ni kati yetu na dola. Tena sarafu ikiimarishwa na uchumi wa jirani anayepokea fedha nyingi kutoka nje, mkulima wa Urambo atapunguziwa malipo kwa jambo asilolijua.

Wakala wa Kibirizi

Kaliua, hoja hiyo iwekwe mbele.

Naongeza upande wa muungano mpana, maana sarafu haiendi peke yake. Soko la Pamoja lilianza 1 Julai 2010, likiahidi mtu, mtaji na huduma vipite. Julai 2025 sisi tulitoa amri inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa pesa za simu na ufundi wa simu, na Kenya ikalalamika. Sijadili nani yuko sahihi. Ninachosema ni kwamba nchi ambazo bado hazijakubaliana nani afungue kibanda hazijafika mahali pa kukubaliana nani achape noti. Hapo ongeza kuwa sisi na Kongo tuko SADC pia, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Kongo iko COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo sisi tulitoka 2000. Umoja wa Forodha hauwezi kuwa na ukuta mmoja wa ushuru kama kila nyumba ina mlango wa uani.

Cha kufanya sasa kipo. Mifumo ya malipo ya benki kuu iliunganishwa, ikianza na Kenya, Tanzania na Uganda, Rwanda ikafuata. Anayemuuzia mtu wa Kampala anaweza kulipwa kwa shilingi, benki kwa benki, bila dola kupita katikati. Matawi mengi ya benki hayautaji mpango huo mpaka uulize, na malipo yakitumwa baada ya saa za kazi yanasubiri kesho. Daraja hilo likifika Bujumbura na Kinshasa, Kigoma itapata sehemu kubwa ya faida ya sarafu moja bila kuikabidhi riba yetu kwa mtu.

Bi Ujiji

Mchumi, marahaba. Kwa hili la daraja la malipo tumekutana, mwanangu. Lakini Wakala, tangu kanuni za Machi 2025 zikataze kupanga bei na kulipia bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, mteja wa Kongo aliyesimama dukani Kigoma na dola mkononi tumfanyeje?

Wakala wa Kibirizi

Shikamoo Bi mkubwa. Bei aandikiwe kwa shilingi, na risiti itoke kwa shilingi. Aende benki au duka la fedha lenye leseni akiwa na kitambulisho au pasi yake, abadilishe kiasi cha mzigo huo tu na si zaidi, maana cha ziada kitamkata tena akirudisha, kama ile 96. Aombe risiti ya kubadilisha fedha na aitunze pamoja na ankara. Ndiyo itakayoonyesha dola zake zilikwenda wapi akiulizwa bandarini. Na abadilishe baada ya kuuona mzigo na kukubaliana idadi ya mifuko, kabla haujaanza kupakiwa.